William Jenney: Aliyeutua ukuta mzigo wa ghorofa

UKUTA mnene humla mwenye jengo mara mbili: kwanza kwa gharama ya tofali, kisha kwa nafasi ambayo ingepangishwa. Hasara hiyo iliwasumbua wajenzi wa Chicago, Marekani, katika miaka ya 1880, na mmoja wa walioitafutia dawa ni mhandisi William Le Baron Jenney.

Jenney alizaliwa mwaka 1832 katika jimbo la Massachusetts. Alisomea uhandisi mjini Paris, Ufaransa, na kuhitimu mwaka 1856. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake alikuwa mhandisi wa jeshi la Kaskazini, akatoka na cheo cha meja. Mwaka 1867 alihamia Chicago.

Oktoba 1871, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo na kuacha watu wapatao 100,000 bila makazi. Mji ulipojengwa upya, viwanja vya katikati vilipanda bei. Njia iliyobaki ikawa kwenda juu.

Kikwazo kilikuwa ukuta. Kwa kuwa ndio uliobeba sakafu, kila ghorofa iliyoongezwa iliulazimu kunenepa zaidi chini. Jengo la Monadnock la mjini humo, lenye ghorofa 16, lilijengwa kwa mtindo huo wa zamani. Ukuta wake wa chini una unene wa karibu mita 1.8.

Jenney alipopewa kazi ya kusanifu jengo la kampuni ya bima ya Home Insurance, alisimamisha mifupa ya nguzo na boriti za chuma, na juu akatumia boriti za chuma cha pua. Mifupa hiyo ikabeba sehemu kubwa ya mzigo, na madirisha yakapata nafasi. Jengo hilo la ghorofa 10 lilikamilika mwaka 1885.

Wapo wanaopinga kwamba alikuwa wa kwanza, kwani baadhi ya kuta zake bado zilibeba uzito. Hata hivyo, vijana waliopitia ofisini kwake, wakiwamo Louis Sullivan na Daniel Burnham, walikuja kuwa wasanifu wakubwa.

Jenney alifariki dunia mwaka 1907, na jengo lake lilibomolewa mwaka 1931. Wazo limebaki.

Leo kuta nyingi za nje hujengwa kwa fremu nyepesi za bati lililokunjwa na kupakwa zinki, zikafungwa kati ya sakafu na sakafu. Hazibebi ghorofa, hustahimili upepo na uzito wake zenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza tofali, mwulize mhandisi wako: ukuta huu unabeba, au unaziba tu?