Claude Bourgelat

Claude Bourgelat (Lyon, Ufaransa, 1712 – Paris, 3 Januari 1779) alikuwa mwalimu wa upandaji farasi na mwandishi Mfaransa ambaye mwaka 1761 alipata kibali cha kuanzisha shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo duniani, mjini Lyon. Hakuwa daktari wala mhunzi. Aliingia katika tiba ya wanyama kupitia mnyama mmoja tu, farasi, na upendeleo huo ulionekana katika kazi yake mpaka mwisho.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia yenye nafasi. Vitabu vya zamani husimulia kwamba alikuwa wakili, akashinda kesi isiyo ya haki, akaona aibu na kuacha sheria. Kisa hicho kinapendeza, lakini ushahidi wake ni hafifu. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1740 alikabidhiwa uongozi wa chuo cha kifalme cha upandaji farasi cha Lyon, ambako vijana wa makabaila walijifunza kupanda farasi, kutumia upanga na adabu za tabaka lao.

Mwaka 1744 alichapisha kitabu chake cha kwanza, Le Nouveau Newcastle, juu ya upandaji farasi. Kati ya 1750 na 1753 kikafuata kitabu kikubwa zaidi juu ya mwili wa farasi na magonjwa yake, Élémens d'hippiatrique. Katika kukiandaa alisaidiwa na madaktari wapasuaji wa Lyon, akachunguza pamoja nao mizoga ya farasi. Kazi hiyo ilimfungulia milango: mwaka 1752 akawa mwanachama mwandishi wa Akademia ya Sayansi ya Paris, kisha akaandika makala zaidi ya 200 kuhusu farasi katika kamusi elezo maarufu ya Diderot na d'Alembert.

Farasi anayechechemea nyuma

Ili kuelewa alichokuwa akikipigania, yafaa kuangalia tatizo moja lililowasumbua wenye farasi wa zama zake, nalo ni kuchechemea kwa miguu ya nyuma. Katika Ulaya ya karne ya 18 farasi alivuta jembe, gari na mzinga wa vita. Akichechemea, shamba lililala na msafiri alikwama.

Miguu ya nyuma ndiyo inayomsukuma farasi mbele. Nguvu hutoka kwenye kwato, hupanda kupitia kifundo, goti na mfupa wa paja mpaka kwenye fupanyonga, kisha hupita kwenye kiungo kinachoshikanisha fupanyonga na uti wa mgongo. Sehemu hizo za juu zimefunikwa na misuli minene kiasi kwamba mkono wa mtu hauwezi kukigusa kiungo chenyewe. Mtu akisimama nyuma ya farasi anayekimbia taratibu, huona upande mmoja wa nyonga ukipanda na kushuka kuliko mwingine, na ni rahisi kuamua kwamba ugonjwa uko hapohapo. Mara nyingi sivyo. Nyonga huonyesha tu jinsi mnyama anavyojaribu kuuokoa mguu unaouma, na maumivu yanaweza kuwa chini kabisa, kwenye kifundo au ndani ya kwato.

Kazi hii iliachiwa wahunzi waliowavisha farasi viatu vya chuma. Wengi wao walikuwa na mikono stadi, lakini ujuzi wao ulirithiwa na haukupimwa. Farasi akiburura mguu wa nyuma, walisema nyonga imeteguka, wakamtoa damu, wakampaka dawa kali au wakamchoma kwa chuma cha moto. Kama kosa lilikuwa kwenye kwato, farasi alipata majeraha mapya juu ya ugonjwa wa zamani.

Bourgelat alishikilia kwamba sehemu inayouma itajwe kwanza, kisha ndipo itibiwe, na hawezi kuitaja asiyejua mifupa, kano na misuli ya mahali hapo. Katika maandishi yake alitenganisha kuteguka kwa kiuno, kwa nyonga na kwa viungo vilivyo chini yake, mambo ambayo mazoea yaliyachanganya. Dawa zake mwenyewe, lazima isemwe, hazikuwa bora sana kuliko za wahunzi, kwani naye alitoa damu kama wenzake wote wa wakati huo. Alichobadilisha ni utaratibu wa kuchunguza. Hata leo, daktari mwenye mashine za eksirei na za mawimbi ya sauti huanza kwa kumtazama farasi akitembea, kisha huukagua mguu kiungo kwa kiungo kabla ya kuilaumu nyonga. Akikuta fupanyonga limevunjika, tiba kuu ni kumpumzisha mnyama zizini kwa miezi.

Shule ya Lyon na shule ya Alfort

Farasi peke yake asingeleta shule. Kilichoishtua serikali ni sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoangamiza mifugo mingi ya Ufaransa katika miaka ya 1740. Rafiki wa Bourgelat, Henri Bertin, aliyewahi kuwa mwakilishi wa mfalme huko Lyon, alikuwa waziri wa fedha tangu 1759. Tarehe 4 Agosti 1761 baraza la mfalme Louis XV liliidhinisha shule hiyo na kuipa livre 50,000 kwa muda wa miaka sita. Masomo yalianza mapema mwaka 1762 katika nyumba ya wageni ya zamani, kwenye kitongoji cha La Guillotière. Ada na heshima vilikuwa vidogo, na wanafunzi wengi walikuwa vijana wa kawaida, baadhi yao wana wa wahunzi. Walijifunza kupasua mizoga, mimea ya dawa na kazi ya kufua chuma, na mapema sana walitumwa vijijini kupambana na sotoka.

Shule ya pili ilifunguliwa mwaka 1766 huko Alfort, karibu na Paris. Mwalimu wa anatomia alikuwa Honoré Fragonard, fundi wa ajabu wa kuhifadhi maiti zilizochunwa ngozi ili misuli na mishipa ionekane. Bourgelat alimfukuza mwaka 1771. Kabla ya hapo alikuwa amekosana pia na padre Rozier, aliyemwachia shule ya Lyon. Alikuwa mtu mgumu, asiyependa mwenzake ang'are.

Wapinzani na makosa

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Philippe-Étienne Lafosse, mwana wa mhunzi mashuhuri, aliyelijua umbo la farasi pengine kuliko mtu yeyote Ufaransa. Lafosse hakupewa nafasi katika shule hizo, akafundisha kwa gharama zake na kuchapisha mwaka 1772 kitabu chenye picha nzuri mno za anatomia. Katika suala la mguu unaouma, wasomaji wengi wa baadaye wamemwona Lafosse kuwa mjuzi zaidi, na Bourgelat kuwa mjenzi zaidi.

Kosa linalokumbukwa zaidi ni la vipimo. Bourgelat aliamini kwamba farasi mwema hupimika kwa urefu wa kichwa chake: kimo chake kiwe vichwa viwili na nusu, na urefu wa kiwiliwili vivyo hivyo. Mwaka 1789 akafa Eclipse, farasi wa mashindano wa Uingereza ambaye hakuwahi kushindwa. Charles Vial de Sainbel, aliyesomea Lyon, aliupasua na kuupima mwili wake, akakuta haulingani na jedwali la mwalimu wake. Farasi aliyewashinda wote alikuwa, kwa kanuni ya Bourgelat, na umbo lenye kasoro.

Kuenea kwa shule

Nchi nyingine zilituma vijana wao mapema. Peter Christian Abildgaard alirudi Denmark na kuanzisha shule ya Copenhagen mwaka 1773. Peter Hernquist, mwanafunzi wa Linnaeus, alifanya hivyo Skara, Sweden, mwaka 1775. Sainbel akawa mwalimu mkuu wa kwanza wa chuo cha London mwaka 1791. Sotoka iliyochochea yote hayo ilifika Afrika Mashariki karibu na 1890 na kuwafilisi Wamasai na wafugaji wengine. Ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, miaka 250 baada ya kibali cha Lyon.

Bourgelat alitoa kanuni za shule zake mwaka 1777, zikiwataka wahitimu wasiwatoze watu kupita kiasi. Alifariki miaka miwili baadaye, na nafasi yake ikachukuliwa na Philibert Chabert, mtoto wa mhunzi. Shule ya Lyon imehamia nje ya mji, lakini ile ya Alfort bado iko mahali pake, na katika makumbusho yake bado amesimama mmoja wa farasi wa Fragonard, bila ngozi, misuli ya paja na nyonga ikionekana wazi, na mpanda farasi mgongoni.