Stanley na mitumbwi ya Kabaka

Asimamaye leo kando ya Nile karibu na Nalufenya, mjini Jinja, hayaoni tena maporomoko yaliyowavuta wasafiri wa karne ya 19. Maji yaliyafunika bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Mwezi Machi, 1875, maporomoko hayo yalipokuwa yakinguruma bado, Henry Morton Stanley alifika hapo kwa mashua iliyokuwa peke yake ziwani.

Stanley alizaliwa Denbigh, nchini Wales, tarehe 28 Januari, 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa na mume, na mtoto akalelewa katika nyumba ya mafukara huko St Asaph. Mwaka 1859 alivuka bahari akiwa mtumishi melini, akashukia New Orleans, na huko ndiko alikojipatia jina jipya. Alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akawa mwandishi wa gazeti. Kukutana kwake na Dakta Livingstone kule Ujiji, mwaka 1871, kulimpa sifa duniani.

Tarehe 17 Novemba, 1874, aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa. Wapagazi walibeba vipande vya mashua yake, Lady Alice, mpaka ziwani. Tarehe 8 Machi, 1875, alitweka tanga kutoka Kagehyi, karibu na Mwanza, pamoja na mabaharia 11. Nahodha wao alikuwa Wadi Safeni.

Safari ile ya upweke ilikuwa ya mashaka. Karibu na Buvuma walishambuliwa, wakaponea chupuchupu. Lakini walipoingia katika maji ya Buganda, mambo yaligeuka. Mitumbwi ya Kabaka Mutesa wa Kwanza iliwalaki, wakafuatana nayo kwa amani kandokando ya pwani hadi Usavara, walikopokewa tarehe 5 Aprili. Mgeni alipewa chakula, ng'ombe na heshima, akaonyeshwa ustadi wa wapiga makasia wa Kabaka. Kutokana na barua aliyoipeleka Uingereza, wamisionari wa kwanza waliwasili Buganda mwaka 1877.

Mutesa aliamuru mitumbwi imsindikize mgeni wake kurudi kusini. Stanley hakuisubiri ile iliyochelewa. Tarehe 28 Aprili, akiwa peke yake tena, wenyeji wa kisiwa cha Bumbire waliikokota mashua yake nchi kavu na kuyachukua makasia. Alitoroka akiwa hai, lakini kinyongo kilimkaa moyoni. Tarehe 4 Agosti alirejea na kundi la mitumbwi, baadhi yake ya Waganda, akawapiga risasi kutoka majini watu wenye mikuki na pinde. Kwa hesabu yake mwenyewe waliuawa zaidi ya 30. Hata Uingereza wapo waliomlaumu.

Alifuata mto Kongo hadi baharini mwaka 1877, kisha akaitumikia tamaa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alifariki London tarehe 10 Mei, 1904.

Safari yake ilithibitisha kuwa ziwa hili ni moja, na kwamba Nile hutokea Jinja. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini njia za majini zilijulikana zamani na waliozipigia kasia, nao ndio waliomkaribisha. Kuigeuza mitumbwi ya urafiki kuwa ya kisasi ni deni ambalo sifa zake zote haziwezi kulifuta.