Jaramogi: Mwalimu aliyesaka wahandisi ng'ambo

Msafiri atokaye Kisumu akifika Kisian huikuta barabara ikigawanyika: moja yapanda kwenda Maseno na Busia, nyingine yaelekea Bondo. Maisha ya marehemu Jaramogi Oginga Odinga yalianzia kwenye njia hizo mbili. Alizaliwa Bondo yapata mwaka wa 1911, akasoma Maranda, Maseno, Alliance na Makerere, na mwaka wa 1940 akarejea Maseno kufundisha.

Wengi humkumbuka kwa siasa, wakasahau kwamba aliacha kazi ya ualimu ili afanye biashara. Shirika la Luo Thrift and Trading, lililoanzishwa 1947, lilichanga fedha za wanyonge likajenga Ramogi House mjini Kisumu na kumiliki mtambo wa uchapishaji. Hilo nalo lilikuwa darasa. Waafrika walioambiwa hawawezi kuendesha kampuni walijifunza kwa kuiendesha, hasara zikiwemo.

Tom Mboya alipoanza kuwasafirisha vijana hadi Marekani mwaka wa 1959, Jaramogi aliwatafutia wengine nafasi katika nchi za Ulaya Mashariki. Serikali ya kikoloni iliwanyima hati za usafiri. Baadhi yao walipenya kupitia Uganda na Sudan hadi Cairo. Waliporudi na shahada zao za uhandisi na udaktari, walitazamwa kwa shaka, kana kwamba daraja hujengwa kwa itikadi.

Mradi wake wa kuandaa viongozi haukudumu. Chuo cha Lumumba kilifunguliwa Nairobi Desemba 1964 kuwafunza makada wa KANU. Mwaka wa 1965 wanafunzi wake walijaribu kuyatwaa makao makuu ya chama, na chuo kikafungwa. Wakosoaji wake hawakukosea kabisa: chuo kile kilikuwa pia silaha katika ugomvi wa ndani ya chama.

Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais mwaka wa 1966, na Oktoba 1969, baada ya vurugu za Kisumu, akawekwa kizuizini. Mwanawe Raila, aliyempeleka Ujerumani Mashariki mwaka wa 1962, alirejea 1970 akiwa mhandisi kutoka Magdeburg, akaanza kufundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Babaye hakuwepo kumlaki. Aliachiliwa mwaka uliofuata.