Maisha ya Bwana Harry Ferguson, Aliyelitia Trekta Mikono

Wasomaji wetu wa Chato, na wote wakaao katika nchi za pamba kando ya Ziwa Viktoria, wamekwisha kuliona trekta jekundu lenye jina la Massey Ferguson. Yako yaliyolima tangu zamani za babu, na injini zake zingali zikinguruma vizuri. Lakini likifungiwa plau, plau hupanda na kushuka kama kichwa cha mtu asinziaye, au halinyanyuki kabisa. Mvua za Novemba hazimngojei mtu, na mwenye trekta hulikokota mpaka chini ya mwembe, akasema limekufa. Mara nyingi halikufa. Limechoka mikono tu. Aliyelitia mikono hiyo alikuwa mtu wa Ireland, nasi twaona yafaa kueleza habari zake, kwa maana ajuaye alichokitaka mtu huyu hujua pia pa kuutafuta ubovu.

Harry Ferguson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1884 huko Growell, katika jimbo la Down, kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa mkulima na mtu wa dini kali, mwenye watoto 11. Harry hakupatana naye. Kazi ya shamba hakuipenda, na imani ya baba yake hakuifuata. Mwaka 1902 akaenda Belfast kwa ndugu yake Joe, aliyekuwa na karakana ya baiskeli na motokaa, akajifunza ufundi. Alikuwa mtu wa kujaribu mambo: tarehe 31 Desemba 1909 akapanda eropleni aliyoiunda mwenyewe, akaruka hatua kama 130, akawa mtu wa kwanza kuruka katika nchi ya Ireland. Mwaka 1911 akafungua karakana yake mwenyewe. Miongoni mwa mafundi wake alikuwamo William Sands, naye asisahauliwe, maana mengi yaitwayo ya Ferguson yalifanyizwa kwa mikono yake.

Hata mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizoleta chakula Uingereza. Serikali ikamtaka Ferguson azunguke Ireland pamoja na Sands, awafundishe wakulima kuyatumia matrekta vizuri zaidi. Katika safari hizo akaona jambo lililomtia uchungu. Plau lilikuwa likifungwa nyuma ya trekta kama mkokoteni nyuma ya ng'ombe. Likigonga jiwe au kisiki, hukwama. Magurudumu ya nyuma yakiwa yameshika ardhi, pua ya trekta huinuka juu, na trekta zima humpindukia dereva. Watu walikufa hivyo. Tena, ili magurudumu yasiteleze, watengenezaji walilifanya trekta kuwa zito mno, likaugandamiza udongo uliotakiwa kulegezwa.

Ferguson akasema moyoni kwamba kosa ni kuvifanya vitu viwili, trekta na plau, vilivyopasa kuwa kitu kimoja. Akakaa katika fikira hiyo miaka mingi, akivunja na kuunda upya. Mwaka 1926 akapewa hati ya kuulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1933 akatokea na trekta lake la kwanza, lililopakwa rangi nyeusi.

Na tuueleze mtambo huo. Plau hushikwa na mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu katikati. Ile ya chini huvuta. Ule wa juu, plau linapolima, husukuma mbele, na kwa kusukuma huko huizuia pua ya trekta isiinuke. Ndani ya trekta, chini ya kiti, imo pampu iyasukumayo mafuta kuingia katika silinda. Mafuta husukuma pistoni, na pistoni huinyanyua mikono. Ufundi mkubwa uko hapa: mkono wa juu hukandamiza springi, na springi huigusa vali ya mafuta. Plau likizama katika udongo mgumu, msukumo huzidi, springi hubonyea, vali hufunguka, na plau huinuliwa kidogo pasipo mtu kugusa kitu. Uzito wake huwaangukia magurudumu ya nyuma, nayo hushika ardhi. Kwa hiyo trekta jepesi laweza kufanya kazi ya trekta zito.

Mwaka 1936 David Brown wa Uingereza akaanza kumtengenezea matrekta, lakini yalikuwa ghali, nayo yaliyotoka yalikuwa kama 1,350 tu. Mnamo Oktoba 1938 Ferguson akavuka bahari, akaonyesha trekta lake mbele ya Henry Ford huko Dearborn katika Marekani. Wazee hao wawili wakapatana kwa kupeana mikono, pasipo karatasi hata moja. Tangu 1939 hata 1947 yakatoka matrekta zaidi ya 300,000. Ndipo mjukuu wa Ford, aliyeshika kiwanda, alipoyavunja mapatano, huku akiendelea kuutumia mtambo uleule. Ferguson akamshitaki, akidai dola zaidi ya milioni 250. Shauri likaisha mwaka 1952 kwa dola milioni 9 na robo. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na hapa twaona kwamba neno hilo lawahusu hata matajiri wa Marekani.

Wakati huo alikwisha kuanza upya. Tangu mwaka 1946 trekta dogo la kijivu, TE20, lilikuwa likitoka Coventry, na kufika 1956 yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Pamoja nalo ilikuja spana yenye alama za inchi, ili mkulima apime upana wa mfereji kwa chombo kilekile afungiacho nati. Ferguson alikuwa mtu wa usafi na utaratibu kupita kiasi, hata kuwaudhi wenzake. Aliamini kwamba mashine rahisi itashusha bei ya chakula na kuondoa njaa duniani. Twaona alilitarajia trekta kwa mambo yaliyo makubwa kuliko uwezo wake. Mwaka 1953 akaiunganisha kazi yake na kampuni ya Massey-Harris, mwaka 1954 akajitenga nayo, na tarehe 25 Oktoba 1960 akafa nyumbani kwake Uingereza.

Sasa turudi chini ya mwembe. Ikiwa mikono hainyanyuki kabisa, usiilaumu pampu upesi. Katika TE20, na katika 35 na 135 zilizofuata, pampu huzungushwa na shafti ileile itokayo nyuma kuendesha mashine nyingine. Wenzo wa shafti hiyo ukiachwa katikati, pampu imelala. Kisha pima mafuta. Yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji. Yamwage, uoshe ndani, utie mapya. Mikono ikinyanyuka mitupu lakini ikishindwa na plau, pampu au vali zake zimechoka. Plau likinyanyuka kisha likasinzia, likishuka na kupanda tena injini ikizunguka, mafuta yanavuja ndani, na mara nyingi kilicholika ni ringi ya pistoni, kitu kidogo sana. Fundi hupunguza mafuta, hufungua kifuniko cha ubavuni, na kumulika aone yadondokapo.

Wako pia waliopoteza mkono wa juu wakafunga mnyororo mahali pake. Mnyororo huvuta, hausukumi. Trekta la namna hiyo limerudishwa katika hatari ya 1917, na visiki havikosekani katika mashamba yetu mapya. Hali kadhalika wafungao gogo juu, kwenye tundu la mkono huo, badala ya chini.

Ukiisha kutengeneza, nyanyua plau, zima injini, ukae kando utazame. Kushuka kidogo usiku kucha si neno kwa trekta la umri huo. Likishuka kabla hujamaliza kunawa mikono, lifungue tena. Na mtu asiingie chini yake pasipo kuegemezwa gogo imara.