Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui na Suala la Kumuona Mola

Nilikuwa Kisumu kwa shughuli zangu, na jioni moja wenyeji wangu wakanichukua mpaka Dunga, ufuko wa wavuvi ulio kusini ya mji, tule samaki na kupunga upepo wa ziwa. Mtu wa Mombasa akifika huko humchukua muda kuyazoea maji yasiyo chumvi wala kupwa na kujaa. Usiku ule ulikuwa wa kumi na nne. Jua lilikwisha kutua ziwani mbele yetu, na nyuma ya migongo yetu, upande wa milima ya Nandi, mwezi ukazuka mzima kama sinia. Wavuvi wa omena walikuwa wameketi tu, mitumbwi yao imevutwa juu. Kwani omena huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawaijali taa ya mwanadamu.

Mmoja wa wavuvi hao, kijana wa Kiislamu aliyesoma madrasa hapo mjini, aliniamkia kwa heshima, akaketi karibu yangu. Alipojua kuwa mimi ni mtu wa pwani na kwamba nilipita chuoni utotoni mwangu, akaniuliza swali ambalo sikulitazamia kuulizwa mbele ya sahani ya ngege. Alisema alifundishwa ile hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba waumini watamuona Mola wao Siku ya Kiyama kama wauonavyo mwezi wa badri, pasi na kusukumana wala kudhulumiana katika kumuona. Lakini nduguye anayefanya kazi Oman alimwambia kuwa huko amewasikia masheikh wakisomesha kwamba Mwenyezi Mungu haonekani, si hapa duniani wala huko Akhera. Je, yupi mkweli?

Basi nilimsimulia habari za mtu mmoja wa kwetu, na habari hizo ndizo ninazowaletea wasomaji wetu leo. Kwani nimeona hata vijana wetu wa Mji wa Kale wamjua mtoto wake na mjukuu wake, lakini yeye mwenyewe hawamjui.

Sheikh Ali bin Abdalla bin Nafi Al-Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1825. Wakati huo bendera ya Waingereza ilikuwa ikipepea juu ya Ngome, kwani Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji walikuwa wamejikinga kwayo, kwa muda mfupi tu, wasimezwe na Sayyid Said bin Sultan wa Oman na Unguja. Kinga hiyo haikudumu. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka, na mwaka 1837, Ali akiwa kijana wa miaka kumi na miwili, Sayyid Said akaitwaa Mombasa. Wakubwa wa Kimazrui wakakamatwa kwa hila na kuhamishwa. Wengine wakakimbilia Gazi, wengine Takaungu. Kijana huyu basi aliuona utawala wa jamaa zake ukizimika kabla hajapata ndevu. Nadhani mtu hawezi kuyafahamu mambo yaliyomfika uzeeni bila ya kuukumbuka mwaka huo.

Wamazrui asili yao ni Oman, na walipokuja walikuwa Maibadhi kama Mabusaidi waliowashinda. Lakini kukaa na watu ni kuwa nao. Walioa hapa, walisoma kwa masheikh wa hapa, na kizazi baada ya kizazi wengi wao wakaingia katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili tangu zamani. Sheikh Ali alikuwa Mshafii, na elimu yake hakuitosheka na ya nyumbani. Alikwenda Makka akasoma huko, kisha akarejea Mombasa. Alishika ukadhi, akasomesha, akaandika. Fikihi aliijua, lakini kilichompa jina mwambao mzima ni elimu ya tauhidi, na hasa yale masuala ambayo Washafii na Maibadhi hawaafikiani.

Na hapa hapana budi tusimame kidogo, kwani msomaji anaweza kudhani kuwa watu hawa waligombana kwa jambo dogo.

Maibadhi wanasema hivi. Kitu chochote kionekanacho kwa jicho lazima kiwe mahali fulani, upande fulani, na kiwe na umbo na rangi. Na Mwenyezi Mungu hana mahali, hana upande, hana umbo. Anayesema ataonekana amemfananisha na viumbe, ingawa hakukusudia. Hoja yao ya kwanza ni ile aya ya Suratil An'am inayosema kwamba macho hayamfikii, naye huyafikia macho. Ya pili ni kisa cha Nabii Musa katika Suratil A'raf, alipoomba kumuona Mola wake akaambiwa kuwa hatamuona, na mlima ukavunjikavunjika, naye akaanguka amezimia. Na ile aya ya Suratil Qiyama inayotaja nyuso zenye kung'ara siku hiyo, zikimwelekea Mola wao, wao huifasiri kuwa ni kungojea: nyuso hizo zitakuwa zikingojea thawabu zake. Rai hii si yao peke yao. Muutazila wa Basra na Baghdad waliisema, na Mashia wanaisema mpaka leo.

Masunni wanajibu kwamba kufikia si sawa na kuona. Mtu aliyesimama Dunga huliona ziwa, lakini jicho lake halilifikii lote wala halilizunguki. (Mfano huu ni wangu, na mwenye kutaka kuukosoa na aukosoe.) Musa, wanasema, alikuwa Mtume, na Mtume haombi lisilowezekana, alichokatazwa ni kuona kwa jicho hili la duniani, lililoumbwa lichakae. Tena Mwenyezi Mungu aliufungamanisha uoni huo na kutulia kwa mlima mahali pake, na mlima kutulia ni jambo linalowezekana. Ama zile nyuso za Suratil Qiyama, hakika zitatazama. Na katika Suratit Tatfif waovu wametajwa kuwa siku hiyo watawekewa pazia wasimuone Mola wao. Basi ikiwa pazia ni adhabu ya waovu, vipi wema nao wawe nyuma ya pazia hilo hilo? Kisha wakaongeza, na hili ndilo tulilosomeshwa chuoni pamoja na sifa ishirini, kwamba kuona huko hakutakuwa na upande, wala umbali, wala namna ijulikanayo na akili. Mwenye kuuliza kutakuwaje ameuliza lisilo jibu.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa ukilinda kitu. Mmoja ulilinda utukufu wa Mungu usichanganywe na viumbe. Wa pili ulilinda ahadi yake kwa waja wake, na kwa wanavyuoni wa Kisunni hiyo ndiyo neema kubwa kupita mito na matunda yote ya Peponi. Mimi ni Mshafii mtoto wa Mshafii, na moyo wangu uko kwa mwezi wa badri. Lakini sijapata kusoma hoja za Maibadhi nikaona ni hoja za watu wasiomcha Mungu.

Zamani za Sayyid Said na mwanawe Sayyid Majid, mambo haya yalizungumzwa barazani na vitabuni, na watu wakaenda zao kunywa kahawa. Unguja kulikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni, kila mmoja akiwahukumu watu wake. Miongoni mwa makadhi wa Kiibadhi alikuwako Sheikh Muhammad bin Ali Al-Mundhiri, bingwa wa elimu ya itikadi, na Masunni waliijua hadhi yake.

Hali ilibadilika aliposhika ufalme Sayyid Barghash bin Said mwaka 1870. Tusimdhulumu Barghash. Ndiye aliyewaletea watu wa mji wa Unguja maji ya mfereji, ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, ndiye aliyeweka mtambo wa kupigia chapa vitabu vya Kiarabu. Lakini alikuwa Ibadhi mwenye ghera na madhehebu yake, na vitabu vilivyotoka katika mtambo ule vilikuwa vya Kiibadhi. Si jambo la ajabu kwa mfalme kuyatukuza madhehebu yake. Lililomuudhi Barghash ni kuona Maibadhi wakihama, na si watu wa njiani bali watoto wa majumba makubwa ya Kiarabu. Sheikh Ali bin Khamis Al-Barwani, kijana mwanachuoni wa ukoo mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1852, alijitangaza kuwa amekuwa Sunni, na Barghash akamtia gerezani.

Sheikh Ali bin Abdalla hakunyamaza. Aliendelea kusomesha Mombasa kwamba yale ya Maibadhi si sawa, akaandika kuyarudi, na watu wakamfuata. Mfalme alimtazama akaona mambo mawili kwa pamoja: mwanachuoni anayewavuta watu watoke katika madhehebu ya dola, na Mmazrui. Hilo la pili halikusahauliwa Unguja. Jamaa zake wa Gazi, chini ya Mbaruk bin Rashid, walikuwa wakimsumbua Sultani mara kwa mara. Sisi leo twaweza kuitenga dini upande huu na siasa upande ule. Barghash hakuwa na nafasi hiyo, na sidhani kama Sheikh naye alikuwa nayo.

Mwaka 1887 Sheikh akakamatwa na kufungwa, naye ni mzee wa miaka sitini na zaidi.

Uangalieni sana mwaka huo, wasomaji. Miaka miwili nyuma manuwari za Wajerumani zilikuja zikaelekeza mizinga yao kwenye mji wa Unguja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakamwachia Sultani ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Na mwezi wa Mei 1887 Barghash mwenyewe aliikodisha mikononi mwa kampuni ya Waingereza sehemu ya ukanda huo, Mombasa ikiwamo. Mwaka ule ule pwani ilipokuwa ikitoka mkononi mwa Waislamu, mfalme wa Kiislamu alimfunga mwanachuoni wa Kiislamu kwa sababu ya kuhitilafiana juu ya itikadi. Silisemi hili kumcheka Barghash. Huenda mtu aliyenyang'anywa kila kitu hukishika kwa nguvu kile kidogo ambacho bado kinamtii.

Kifungo kilikwisha kwa mauti ya mfungaji. Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888, akatawala nduguye Sayyid Khalifa, ambaye mwenyewe alipata kuonja kifungo cha Barghash. Sheikh Ali akafunguliwa, akarudi Mombasa na itikadi yake vile vile alivyoingia nayo.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Mwaka 1891 alizaliwa mwanawe, akamwita Al-Amin, na mwaka 1894 Sheikh akafariki dunia, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, akawa ndiye Sheikh Al-Amin bin Ali tumjuaye, mwenye magazeti ya Sahifa na Al-Islah ya miaka ya 1930, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki 1947. Baba alishughulika na itikadi za Maibadhi; mwana aliona adui mkubwa zaidi ni ujinga na unyonge wa Waislamu wenyewe mbele ya Wazungu, na humo ndimo alimoitia kalamu yake. Mjukuu, Profesa Ali Mazrui, akaipeleka kalamu hiyo mpaka Marekani. Na habari za babu zilihifadhiwa na mwanafunzi wa Al-Amin, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafii kilichotoka mwaka 1972.

Huko Kisumu Sheikh Ali hakufika. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, yeye amekwisha miaka saba kaburini. Lakini watu wa pwani waliokuja na misafara, na baadaye na reli, wakajenga misikiti na vyuo, walikuja na itikadi ile ile aliyofungwa nayo, na ndiyo maana kijana wa Dunga aliifundishwa kama jambo la kawaida, bila ya kujua kuwa liliwahi kuwa na gereza ndani yake. Wala suala lenyewe halijafungwa. Sheikh Ahmad bin Hamad Al-Khalili, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1942, aliyewekwa kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, aliandika kitabu kizima kuitetea itikadi ya Kiibadhi, na sehemu yake ya kwanza ni hili hili la kumuona Mungu. Amejibiwa, na waliomjibu wamejibiwa.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo. Nduguye huko Oman ameanza kusali nyuma ya masheikh wale na kuyapenda maneno yao. Je, atanyimwa kumuona Mola kwa kuwa hakuamini kwamba ataonekana? Nilimwambia kuwa hilo si langu wala si la Sheikh Ali, na kwamba rehema ya Mungu haikugawiwa mikononi mwa makadhi. Akakaa kimya. Mwezi ulikwisha panda juu yetu, mweupe, na kila aliyekuwa ufukoni, mvuvi na mla samaki, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, alikuwa akiuona mahali pake alipoketi. Kijana akasema usiku kama huu wao hawaupendi, hawapati kitu. Kisha akainuka kwenda kutafuta maji ya udhu, kwani Isha ilikuwa imeingia.