Msomi aliyeuzuia umeme kurudi nyuma

WANAFUNZI wa fizikia katika shule za upili hulijua jina la Fleming kupitia vidole vyao. Kidole gumba, cha shahada na cha kati hunyooshwa kila kimoja upande wake, naye mtahiniwa akaugeuzageuza mkono wa kushoto kimyakimya ndani ya chumba cha mtihani ili abaini waya utasukumwa wapi. Ni wachache mno miongoni mwao wafahamuo kwamba mwenye kanuni hiyo ndiye aliyebuni diodi ya kwanza ya balbu, babu wa kile kijisehemu kilichomo leo katika chaja ya simu, redio na mtambo wa sola.

John Ambrose Fleming alizaliwa Novemba 29, 1849 mjini Lancaster, Uingereza, akiwa kifungua mimba wa mchungaji. Familia ilihamia London angali mdogo. Hakuwa mwana wa tajiri. Ilimbidi afanye kazi ya ukarani mchana na kudurusu vitabu usiku hadi alipohitimu shahada yake mwaka wa 1870. Baadaye alifundisha shuleni, akadunduliza pauni 400, na mwaka wa 1877 akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge kwa azma moja kuu: kufunzwa na James Clerk Maxwell, bingwa wa nadharia ya umeme na sumaku. Mihadhara ya Maxwell ilikuwa migumu hivi kwamba kuna siku Fleming alikuwa karibu peke yake darasani. Mwalimu huyo alifariki mwaka wa 1879.

Miaka michache baadaye, Fleming aliajiriwa kuwa mshauri wa kampuni ya taa za Edison jijini London, na hapo ndipo alipokumbana na fumbo lililomwandama kwa zaidi ya miaka 20. Balbu za wakati huo zilikuwa zikiingia weusi kwa ndani. Katika kulichunguza tatizo hilo kule Marekani, Thomas Edison alitia kibati cha chuma ndani ya balbu, mbali kidogo na waya unaowaka. Aliona ajabu: mkondo wa umeme ulivuka ombwe kutoka kwa waya hadi kwenye kibati ingawa havikugusana. Tena ulivuka tu endapo kibati kiliunganishwa na upande chanya. Kikiunganishwa na upande hasi, kimya. Edison alisajili alichokiona lakini hakuwa na maelezo yake, na si ajabu, kwa kuwa elektroni yenyewe haikugunduliwa hadi mwaka wa 1897. Fleming naye alitengenezewa balbu za aina hiyo, akazifanyia majaribio, akaandika matokeo, kisha akazihifadhi kabatini.

Kufikia wakati huo alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika University College London, wadhifa alioushika tangu mwaka wa 1885 hadi alipostaafu mwaka wa 1926. Mnamo 1899 kampuni ya Guglielmo Marconi ilimwajiri awe mshauri wake wa kisayansi. Ni Fleming aliyesanifu mitambo mikubwa ya kurushia mawimbi kule Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza. Hata hivyo, aliarifiwa mapema kwamba iwapo bahari ya Atlantiki itavukwa, sifa kuu itamwendea Marconi. Akakubali. Desemba 12, 1901 ishara ya herufi S ilinaswa ng'ambo ya pili, Newfoundland, na dunia ikaimba jina la Marconi.

Fedheha ilifuata Juni 1903. Fleming alikuwa akitoa mhadhara mbele ya hadhira ya London kuhusu simu isiyotumia waya, chombo cha kupokelea kikiwa tayari kunasa ujumbe kutoka Poldhu. Ghafla chombo hicho kikaanza kugonga maneno ya dhihaka. Mshindani mmoja, Nevil Maskelyne, alikuwa ameficha mtambo wake karibu na hapo ili aonyeshe kwamba mawasiliano ya Marconi yangeweza kuingiliwa. Fleming, ambaye tayari alikuwa akipoteza uwezo wa kusikia, aliendelea kuhutubu bila kung'amua kilichokuwa kikitendeka. Baadaye aliandika gazetini kwa hasira akitaka mhalifu atajwe, naye Maskelyne akajitokeza bila haya. Mwisho wa mwaka huo kampuni haikuongeza mkataba wa profesa.

Hebu tuangalie hali yake mnamo Oktoba 1904: umri unakaribia miaka 55, kazi ya ushauri imemponyoka na masikio yanamsaliti. Wapokeaji wa redio wa siku hizo walitegemea kusikiliza milio hafifu katika kisikizio. Yeye alitaka ishara inayoonekana, sindano itakayosogea mbele ya macho yake. Kizuizi kilikuwa kimoja. Mawimbi ya redio huusukuma umeme mbele na kuurudisha nyuma mara maelfu kwa maelfu katika sekunde moja. Sindano ya kipimo husukumwa mbele na kuvutwa nyuma kwa kasi hiyo hiyo, hivyo haisogei kamwe. Kama ungeweza kuruhusu misukumo ya mbele pekee na kuifunga ya nyuma, misukumo hiyo ingejumlishana na sindano ingetikisika.

Hapo ndipo alipozikumbuka balbu za kabatini. Waya ukipata moto hutema elektroni, na elektroni hizo huvutwa na kibati kilicho chanya. Kibati baridi hakitemi chochote, kwa hivyo safari ya kurudi haipo. Alimtaka msaidizi wake aunganishe mojawapo ya balbu hizo na mtambo wa majaribio, na sindano ikasogea. Aliiita vali, kwa mfano wa mlango unaopitisha maji upande mmoja pekee. Novemba 16, 1904 aliwasilisha ombi la hataza, na siku chache baadaye akamwandikia Marconi barua ya kumwarifu. Kampuni ilimrejesha kazini mwaka uliofuata. Lakini hataza ilikuwa mali ya kampuni, na mvumbuzi mwenyewe hakunufaika kifedha.

Vali hiyo ilikula umeme mwingi na waya wake uliungua upesi. Diodi za leo ni chembe za silikoni, ila kazi ni ile ile. Umeme wa nyumbani humu nchini hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, ilhali betri ya simu hutaka mkondo wa upande mmoja. Ndani ya chaja, diodi nne zilizopangwa pembe nne huugeuza kila msukumo, wa mbele na wa nyuma, uelekee betrini. Katika mtambo wa sola, diodi huuzuia umeme wa betri kurudi kwenye paneli usiku unapoingia. Fundi akiunganisha betri kinyume, diodi iliyotangulizwa hukataa kupitisha mkondo na kifaa kikasalimika.

Huku kwetu hayo ni mambo ya kawaida. Kwa Fleming yalikuwa vita. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest alianza kutia kiungo cha tatu ndani ya balbu kama ile, na balbu hiyo yenye viungo vitatu ikawa na uwezo wa kukuza ishara hafifu. Fleming alishikilia hadi uzeeni kwamba De Forest alijengea juu ya msingi wake. Mwaka wa 1916 mahakama ya Marekani iliamua kwamba De Forest aliikiuka hataza ya Fleming, na kampuni ya Marconi nayo ikazuiwa kutumia kiungo cha tatu cha De Forest. Kila upande ukawa na nusu ya kitu, na hakuna aliyeruhusiwa kukitengeneza kizima.

Heshima hazikukosekana. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1929, na mwaka uliofuata akawa rais wa pili wa chama cha wapenzi wa televisheni Uingereza. Alioa tena mwaka wa 1933, akiwa na miaka 83. Hakubahatika kupata mtoto. Alikuwa Mkristo shupavu aliyeipinga hadharani nadharia ya mageuko ya viumbe, msimamo uliowashangaza wanasayansi wenzake wengi.

Mnamo 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hataza ya vali haikuwa halali tangu awali, kwa sababu marekebisho ya madai yake yaliwasilishwa isivyofaa. Muda wa hataza hiyo ulikuwa umemalizika zamani, na mzee alikuwa na miaka 93. Alifariki nyumbani kwake Sidmouth, Aprili 18, 1945.