Dennis Ritchie, fundi wa mlango ulio ndani ya simu yako

Umepanda matatu Migori, mnapita Rongo, na kabla hamjafika Homa Bay ushamtumia beshte wako picha. Ulibonyeza mara moja tu. Lakini je, wajua programu hiyo hairuhusiwi kugusa hifadhi ya simu yako yenyewe? Lazima ibishe mlango kwanza. Mmoja wa waliouchonga mlango huo ni Dennis Ritchie.

Alizaliwa Septemba 9, 1941 jimboni New York, Marekani. Babake alikuwa mwanasayansi wa Bell Labs, na Dennis, baada ya kusomea fizikia na hesabu Harvard, akaajiriwa papo hapo mwaka wa 1967.

Bell Labs ilikuwa ikishiriki mradi mkubwa wa mfumo endeshi ulioitwa Multics. Ulikuwa mzito, ukachelewa, na 1969 kampuni ikajitoa. Ndio mwaka ule ule Tom Mboya aliuawa Nairobi na kuzikwa Rusinga, huko Homa Bay. Mwaka huo Ken Thompson akaanza mfumo mdogo kwenye kompyuta kuukuu, Ritchie akashirikiana naye. Ukaitwa Unix.

Sasa fikiria duka la M-Pesa lenye nondo dirishani. Huingii ndani kufungua droo ya pesa. Unasimama dirishani, unasema shida yako, mhudumu anakagua, kisha anakuhudumia. Kiini cha Unix hufanya vivyo hivyo. Programu hutaja namba ya ombi lake: 3 ni kusoma, 4 kuandika, 5 kufungua faili. Kisha hutoa amri maalum, na prosesa huiacha programu, hupata mamlaka kamili na kurukia mahali pamoja tu: mlango wa kiini. Kiini huhifadhi pale programu ilipofikia, huitafuta namba kwenye jedwali, kisha huita kazi inayohusika. Namba isiyojulikana hurudishwa na kosa. Kazi ikiisha, prosesa huvuliwa mamlaka na programu huendelea.

Ujanja wao ulikuwa kuweka maombi machache. Faili, kibodi, printa, zote husomwa na kuandikwa kwa maombi yale yale. Mlango mmoja ni rahisi kuulinda. Bila huo, programu moja mbovu ingeangusha mashine nzima, au ichungulie siri zako.

Ritchie pia alibuni lugha ya C, na 1973 kiini kikaandikwa upya kwa lugha hiyo. 1983 yeye na Thompson wakapewa Tuzo ya Turing. Linus Torvalds alipoanza Linux 1991, alifuata muundo wa Unix, hata akabaki na zile namba 3, 4 na 5. Linux ndiyo kiini cha simu za Android. Nyingi siku hizi zina namba nyingine, lakini utaratibu wa mlangoni ni ule ule.

Steve Jobs alifariki Oktoba 5, 2011, dunia nzima ikaomboleza. Wiki moja baadaye, Ritchie alipatikana amefariki nyumbani kwake New Jersey, akiwa na miaka 70. Wachache walisikia. Na hata mfumo wa iPhone una asili yake kwenye Unix!

Kama uko Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya, tafuta kompyuta ya Linux yenye programu ya strace, uandike: strace ls. Utaona maombi yakipita mlangoni moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo kazi ya Ritchie, na bado inaendelea.